Vituo vya kulelea watoto vikaguliwe kwa usalama, si kwa matofali tu

Saa 11 alfajiri, malori ya nyanya, vitunguu na ndizi yanapoanza kushusha mzigo katika masoko makubwa ya Dar es Salaam, mama muuza genge anatakiwa awe ameshafika. Akichelewa hadi saa 1 asubuhi atakuta matenga mazuri yameshachukuliwa, na yaliyobaki yamepita mkono wa pili na kupanda bei. Lakini lipo swali moja ambalo halimo katika hesabu za soko lolote: mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu yuko wapi saa hiyo?

Majibu yanajulikana. Wapo wanaokuwa mgongoni mwa mama zao katikati ya mikokoteni na moshi wa malori. Wapo wanaoachwa na dada yao wa miaka tisa, ambaye siku hiyo hataonekana darasani ingawa elimu ya msingi haina ada tangu mwaka 2016. Wengine wanapelekwa kwa jirani aliyegeuza sebule yake kuwa kituo cha kulelea watoto mchana, kwa malipo ya kila siku, bila kibao mlangoni na bila usajili.

Vijijini hali haina tofauti kubwa. Wakati wa kupanda na kupalilia, mtoto hulazwa chini ya mti pembezoni mwa shamba au huachwa nyumbani na bibi ambaye naye nguvu zimemwishia. Kila baada ya muda mama huacha jembe na kwenda kumtazama. Mstari uliotakiwa kuisha leo unaisha kesho, na palizi iliyochelewa haina msamaha.

Ndiyo maana suala la viwango vya afya, usalama na ustawi katika vituo vya kulelea watoto si la maofisa ustawi wa jamii peke yao. Ni suala la uchumi wa shamba na wa genge. Mkulima anajua kwamba mbolea isiyofika kwa wakati ni hasara. Malezi ya mchana nayo ni pembejeo, kwani yasipokuwepo, au yakiwa mabovu, nguvu kazi ya mama inapotea.

Ushahidi wa hilo haupo mbali. Katika kitongoji cha Korogocho jijini Nairobi, watafiti waliwapa akina mama vocha za kupunguza gharama za vituo vya kulelea watoto, kisha wakawalinganisha na wenzao wasiopewa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa waliopewa vocha walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa na kazi. Hapakuwa na mtaji wala semina ya ujasiriamali. Kilichoongezwa ni mahali pa kumwacha mtoto tu.

Hata hivyo, mahali tu hapatoshi. Chukua mfano wa mama anayepata faida ya Sh10,000 kwa siku. Mbele yake kuna vituo viwili. Cha kwanza kinatoza Sh1,000 kwa siku, watoto wamejaa na maji ya kunawa hakuna. Cha pili kinatoza Sh1,800, lakini ni kisafi na watoto ni wachache. Kwa siku 26 za kazi, cha kwanza kitamgharimu Sh26,000 na cha pili Sh46,800. Kwa haraka haraka ataona ameokoa Sh20,800.

Sasa mtoto akiharisha mara moja katika mwezi huo, na mama akakaa naye nyumbani siku tatu, faida ya Sh30,000 imepotea. Hapo hazijahesabiwa nauli ya kwenda zahanati, dawa, wala nyanya zilizoozea mezani. Kituo cha bei rahisi kimegeuka kuwa cha bei ghali. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na hapa kinachovunjika ni mtaji.

Ikiwa hesabu iko wazi namna hiyo, kwa nini vituo vibovu havikosi wateja? Jibu lipo katika namna biashara hii ilivyo. Mnunuzi wa mahindi hutia mkono guniani akaona punje. Mzazi humwona mlezi asubuhi wakati wa kumkabidhi mtoto na jioni wakati wa kumchukua. Kilichotokea katikati hakioni, na anayekijua, yaani mtoto, bado hajui kusema. Katika soko ambalo mnunuzi haoni bidhaa, bidhaa mbovu na nzuri huishia kushindana kwa bei tu.

Kwa upande wa mwenye kituo nako kuna hesabu yake. Tuseme ana watoto 20, kila mmoja analipa Sh1,500 kwa siku. Anakusanya Sh30,000. Walezi wawili wakilipwa Sh8,000 kila mmoja, Sh16,000 zimekwenda. Uji na chakula kwa Sh400 kwa kila mtoto ni Sh8,000 nyingine. Zinabaki Sh6,000 za kodi ya nyumba, maji, sabuni, mkaa na riziki yake mwenyewe.

Akiongeza watoto wakafika 40 bila kuongeza mlezi, atakusanya Sh60,000, atatoa Sh16,000 za walezi na Sh16,000 za chakula, na atabakiwa na Sh28,000. Kwa maneno mengine, njia nyepesi kuliko zote ya kupata faida katika kazi hii ni kujaza watoto. Mwenye kituo anayefanya hivyo si lazima awe mtu mbaya. Amefuata mkondo ambao bei imemwelekeza.

Lakini mlezi mmoja ana mikono miwili. Moto ukizuka atabeba wachanga wawili na kuwaacha wengine. Huko England, mlezi mmoja haruhusiwi kuwa na zaidi ya watoto watatu wenye umri wa chini ya miaka miwili. Kuinakili kanuni hiyo kama ilivyo na kuipeleka Tandale au Buguruni kungefunga karibu kila mlango, ila sababu yake ni ileile kila mahali. Mtoto mchanga hajui kukimbia, hajui kuita, na anatia mdomoni kila anachokiokota.

Tanzania haikosi sheria. Ilikuwapo sheria ya vituo vya kulelea watoto mchana ya mwaka 1981, na baadaye Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliyoweka utaratibu wa usajili na ukaguzi. Desemba 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Programu hiyo inafuata mambo matano ambayo Shirika la Afya Duniani na wenzake waliyaweka bayana mwaka 2018, nayo ni afya njema, lishe bora, usalama na ulinzi, malezi yanayomwitikia mtoto, na fursa za kujifunza mapema.

Tatizo ni pale ukaguzi unapoanzia kwenye jengo. Mama mwenye sebule moja na uwanja mdogo akisikia kwamba usajili unataka vyumba kadhaa, uzio, ofisi na eneo la michezo, hafanyi jitihada za kuvipata, kwa kuwa hawezi. Anachofanya ni kujificha. Akishajificha, hakuna ofisa wa kumfundisha, hakuna muuguzi wa kumtembelea, na hakuna anayejua idadi ya watoto walio ndani. Kiwango kilichowekwa juu mno kwa nia njema kinaishia kumwondoa mtoto machoni pa wanaotakiwa kumlinda.

Kinachopendekezwa hapa ni kupanga viwango kwa ngazi. Ngazi ya kwanza iwe ya mambo yasiyo na mjadala, ambayo gharama yake ni ndogo na kituo kikiyakosa kifungwe siku hiyohiyo. Matofali, vigae na bembea vije baadaye, kwa muda maalumu na kwa mkopo.

La kwanza katika ngazi hiyo ni mikono na kinyesi. Magonjwa ya kuhara husafiri kutoka kwa mtoto mmoja hadi mwingine kupitia mikono ya mlezi anayebadilisha nepi kisha akakoroga uji. Ndoo yenye koki, au kibuyu chirizi cha dumu na kamba, pamoja na kipande cha sabuni, vinatosha kuukata mnyororo huo. Mahali pa kubadilishia nepi pawe mbali na jiko, na poti zioshwe kila zinapotumika. Pakiti za ORS ziwepo, na mtoto anayeharisha apelekwe zahanati ambako pia hupewa vidonge vya zinki. Mtoto anapoandikishwa, kadi yake ya kliniki ikaguliwe kama chanjo zimekamilika, ikiwemo ile ya surua inayotolewa akiwa na miezi tisa na kurudiwa akiwa na miezi 18.

La pili ni chakula, na hapa wakulima na wafanyabiashara wa nafaka wanahusika moja kwa moja. Vituo vingi hupika uji wa lishe, yaani unga wa mahindi uliochanganywa na karanga, soya na nafaka nyingine. Mahindi na karanga ndiyo mazao yanayoshambuliwa zaidi na kuvu inayotoa sumukuvu ya aflatoksini. Sumu hiyo haionekani baada ya kusaga, na kupika kwa kawaida hakuimalizi. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 ikaua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Kiwango kinachokubalika Afrika Mashariki ni sehemu 10 za aflatoksini kwa kila sehemu bilioni moja ya chakula. Mama wa kituo hana maabara, ila ana macho. Karanga zilizosinyaa, zilizovunjika au zenye rangi ya kuvu zitupwe kabla ya kwenda mashine. Shida ni kwamba sokoni karanga za namna hiyo hazitupwi. Hutengwa, zikauzwa kwa bei ya chini kwa wasagaji, maana zikishakuwa unga hakuna atakayezitambua. Mfanyabiashara anayefanya hivyo akumbuke kwamba mlaji wa unga huo ni mtoto wa miaka miwili anayekunywa kikombe kilekile kila siku, na pengine mtoto huyo ni wa kwake.

Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Sababu za udumavu ni nyingi, na wataalamu wanaitaja sumukuvu kuwa miongoni mwa zinazoshukiwa. Mkulima anayekausha mahindi juu ya turubai badala ya udongo mtupu, na kuyahifadhi yakiwa makavu, anachangia afya ya kituo asichokijua.

Kwa wachanga wanaonyonya, mama anaweza kukamua maziwa na kuyaacha kituoni katika chombo safi chenye mfuniko. Katika chumba chenye joto lisilozidi nyuzi 25 hukaa salama kwa muda wa saa 4 hivi. Mjini Dar es Salaam joto hupita hapo mara nyingi, hivyo yatumike mapema zaidi au yawekwe kwenye ubaridi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Muuza genge hana mwajiri wa kumdai saa hizo, na njia yake pekee ni kituo kuwa karibu na meza yake.

La tatu ni ajali. Jiko la mkaa lisiwake ndani ya chumba walimolala watoto, kwa sababu hewa yake huua bila harufu wala kelele. Ndoo na mapipa ya maji yafunikwe wakati wote. Mtoto anayejifunza kutembea anaweza kuzama katika ndoo, na pipa lililo wazi ni mazalia ya mbu wanaoeneza homa ya dengi, ambayo ililipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Mafuta ya taa, dawa za panya na jiki viwekwe juu na kufungiwa. Katika maeneo ya kilimo, chupa iliyokuwa na dawa ya kuua wadudu isitumike kwa maji, maziwa wala mafuta hata ikioshwa mara kumi, na mzazi aliyetoka kupulizia dawa aoge na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto.

Wapo watakaosema mambo haya ni ya nchi tajiri. Bangladesh si nchi tajiri. Huko watoto wengi wa vijijini walikuwa wakizama katika madimbwi na mito saa za asubuhi, wakati mama zao wana kazi. Vikaanzishwa vituo vidogo vya kijiji, katika nyumba za kawaida, vikiwa na mlezi aliyepewa mafunzo mafupi. Vifo vya kuzama miongoni mwa watoto waliopelekwa huko vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Hakuna aliyeanza na vigae. Walianza na mtu mzima mwenye jukumu la kutazama na mlango unaofungwa. Kwa vijiji vya kandokando ya Ziwa Victoria, Ziwa Tanganyika na mabwawa ya umwagiliaji, somo hilo lina uzito wa pekee.

La nne ni ulinzi dhidi ya watu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana watatu kati ya 10 nchini walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na kwa wavulana ni karibu mmoja kati ya saba. Kituo kiwe na daftari linaloonyesha nani alimleta mtoto, nani anaruhusiwa kumchukua na saa ngapi. Asiyeandikwa asipewe mtoto, hata akijitambulisha kuwa mjomba. Ndugu na wageni wa mwenye nyumba wasiachwe peke yao na watoto. Namba 116 ya kupiga simu kuhusu usalama wa mtoto ibandikwe ukutani.

La tano ni ustawi wenyewe. Mtoto anayekaa kituoni saa 10 kwa siku akiwa amefungiwa kimya mkekani anarudi nyumbani bila jeraha, lakini amepoteza siku. Mlezi anayeongea naye, anayemwimbia na kumwitikia anapolia, anafanya kazi isiyohitaji fedha. Viboko vipigwe marufuku. Dawa ya mafua isigeuzwe kuwa dawa ya kumlaza mtoto ili mlezi apumzike.

Nani alipe? Mzazi ataendelea kulipa sehemu kubwa, ila hesabu ya watoto 20 iliyotajwa hapo juu inaonyesha kwamba ada yake peke yake haiwezi kubeba mlezi wa tatu. Mfanyabiashara wa sokoni hulipa ushuru kila siku. Halmashauri inayokusanya ushuru huo inaweza kutenga chumba kimoja sokoni, chenye maji na choo, kikaendeshwa na kikundi cha akina mama bila kodi na kikafunguliwa saa 10 alfajiri, kwa sababu kituo kinachofunguliwa saa 2 asubuhi hakimfai muuza nyanya. Kodi ikiondoka katika hesabu, fedha ya mlezi wa tatu inaanza kuonekana.

Ipo pia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyowekwa kisheria mwaka 2018, ikasimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa baadaye. Vikundi hukopa kwa ajili ya kufuga kuku, kushona na kutengeneza sabuni. Kituo cha malezi nacho ni mradi halali, chenye wateja wa kila siku, na kinastahili kuwemo katika orodha hiyo.

Vyama vya ushirika navyo visikae pembeni. Nchini India, chama cha wanawake waliojiajiri cha SEWA, kilichoanzishwa mwaka 1972 na Ela Bhatt, kimeendesha vituo vya watoto kwa ajili ya wanachama wake kwa miaka mingi, wakiwemo vibarua wa mashamba ya tumbaku. Chama cha msingi cha mazao kinachoweza kukodi ghala kinaweza pia kukodi chumba kwa miezi ya palizi na mavuno.

Ofisa ustawi wa jamii naye abadilishiwe kazi. Ziara yake ya kwanza iwe ya kuandikisha na kufundisha, bila faini. Ya pili iwe ya kupima mambo matano yaliyotajwa, na matokeo yabandikwe mlangoni kwa Kiswahili ambacho kila mzazi atakielewa: idadi ya watoto inayoruhusiwa, majina ya walezi na tarehe ya ukaguzi. Hapo mzazi atakuwa amepata cha kulinganisha zaidi ya bei, na mwenye kituo kizuri atakuwa na sababu ya kutoza Sh1,800 bila kuona aibu.

Kwa sasa, mzazi asisubiri kibao hicho. Siku moja katika mwezi, mama au baba aondoke kazini mapema na kufika kituoni saa 7 mchana bila taarifa. Ahesabu vichwa, aguse sabuni kama imelowa, atazame ndoo kama zimefunikwa, na aulize karanga za uji zilinunuliwa wapi. Kituo kinachokataa mzazi asiingie ndani saa hiyo kimeshatoa jibu lake, na ada ya kesho ipelekwe kwingine.